Neno Lisilohitaji Mkalimani

Huelva, Hispania, 6 Machi 2005

Mama mpenzi,

Nabusu mkono wako. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila nimefukuzwa shambani.

Maji tuliyokuwa tunapewa kunywa ni yale ya kumwagilia stroberi, yenye dawa. Wasichana wanatapika, Saveta wa jirani yetu hata kusimama hawezi. Nikaenda kwa mkaguzi wa kazi. Kesho yake msimamizi akafoka: “Nani delator?” Kihispania hatujui, lakini neno hilo si ndilo lile lile la Kiromania chetu, mchongezi? Tukaelewa sote. Nikasema, “Mimi.” Sasa wenzetu wa kijijini hawanisalimu. Nataka kurudi Pasaka yetu ya Kiorthodoksi, Mei mosi.

Mwanao, Liviu

Poieni, 21 Machi

Liviu,

Kifua ni kile kile. Kanisani wameshajua. Todosia kaniuliza mbele za watu, “Eti mwanao kashika kazi ya waliomfunga babaye?” Baba yako alikaa jela ya Wakomunisti miaka minne kwa mzaha mmoja tu wa foleni ya mkate, sababu ya delator. Mpaka anakufa hakulitamka neno hilo, alikuwa akitema mate. Nawe ukaliitikia “Mimi”, kama mtu aliyeitwa kula! Pasaka kaa huko huko.

Firuța

Huelva, 2 Aprili

Mama,

Nabusu mkono wako, hata ukiuvuta. Aliyemchongea baba alimchongea mnyonge kwa wenye nguvu. Mimi nimemsema mwenye nguvu. Neno moja, mambo mawili, na nimechoka kulieleza! Saveta yuko njiani kurudi. Muulize yeye.

Mwanao

Poieni, 17 Aprili

Mwanangu,

Kifua afadhali. Saveta amefika, amebaki mifupa. Anasema tangu ufukuzwe wanaletewa maji ya chupa, na hao wasiokusalimu ndio wa kwanza kuyagombea. Nikamuuliza, “Sasa mbona hamkumtetea?” Akainama. “Tuliogopa kuitwa hivyo na sisi, mama.”

Nilikasirika mpaka nikaunguza kabichi jikoni. Leo kanisani Todosia kaanza tena. Nikamwambia, “Ndiyo, ni delator. Na ni wangu.” Ulimi uliniwasha, Liviu, nisikufiche.

Nikapitia kaburini nimweleze baba yako. Nimesimama pale, nimetengeneza maua, nimewasha mshumaa, neno hilo halikutoka.

Njoo Pasaka. Ila kaburini utaenda peke yako, umwambie mwenyewe.

Mama yako