Joho la Baba Linakuja Athene

Mtaa wa Rhakoti,
Aleksandria.
Tarehe 10 ya mwezi wa Athiri.

Mpendwa kaka Dioskoro,

Pokea salamu zangu tele. U hali gani huko Athene, na kifua chako kinasemaje na hiyo baridi? Sisi huku tu wazima. Mama anakula dengu zake na kugombana na jirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Najua ulikasirika ulipokwenda huko kusoma falsafa, Mama akakunyima joho la falsafa la marehemu Baba, lile wavaalo wanafalsafa. Alisema ndilo lililompoteza Baba, akafa bila kubatizwa, na hatalitoa limpoteze na mwanawe. Usichokijua ni kwamba tangu matanga alikuwa hapati usingizi. Aliamini hatamwona Baba tena milele.

Sasa kanisani tumepata mwalimu mpya, Zoilo. Amebatizwa, lakini joho lake la falsafa hajalivua, na watu wanamsema, eti anapika asali na vitunguu chungu kimoja. Hufundisha kwamba Mungu aliwapa Wayahudi Torati na Wayunani falsafa, ili wote wafike kwa Kristo. Mimi nilimpenda papo hapo. Mama alinuna wiki nzima, kisha akamkabili mbele ya watu.

“We mwalimu, usinizungushe. Mume wangu alikufa na vitabu vyake vya Kiyunani kifuani. Yuko wapi?”

“Mama, aliupenda ukweli?”

“Kuliko chakula. Alinichosha.”

“Basi alimpenda Kristo kabla hajaambiwa jina lake. Unadhani Bwana atajifanya hamjui?”

Mama akamshika mkono. “Ungekuja mapema, mwanangu, nisingekonda hivi.”

Nililia, kaka, wala sikuona haya.

Tuliporudi nyumbani alifungua sanduku, akalitoa joho, akaanza kushona pale panya walipotafuna. Analileta kwako binamu yetu Filota. Usiucheke mshono, macho ya Mama yamechoka. Amenikataza nisikwambie, lakini nakwambia: uzi ni ule wa kitani aliojiwekea kwa sanda yake. Nilipomuuliza, alisema, “Baba yenu atanipokea hata na sanda yenye matundu.”

Livae, kaka, na umwandikie Mama.

Msalimie wifi Kalista na mtoto. Mungu wangu, ambaye nadhani ndiye huyo unayemtafuta, akulinde.

Dada yako akupendaye siku zote,
Heraida