Pua Imelala Tena

Jumatatu, 2 Juni

Chai, viazi, dawa ya presha ya Baba. Akatoka kwenda misa ya asubuhi na koti lake lilelile. Nikafagia uwanja. Gari la Bwana Pius liko palepale juu ya pengo kati ya majabali mawili, ambalo Baba analitumia kama shimo la gereji. La spoti, milango miwili, limenizidi umri. Pua imelala. Madigadi ya mbele yamemeza matairi, nyuma limeinuka. Ukiliona kwa mbali utadhani linanusa kitu.

Mama alipofariki mwaka jana Baba aliiacha gereji yake ya Mirongo, akaja kukaa kwangu hapa Buzuruga. Hii ndiyo kazi ya mwisho aliyoipokea. Leo mezani amerudia: pua ikikaa sawa, anamkabidhi Bwana Pius gari lake, anapanda meli kurudi Ukerewe. Kwenye nyumba ileile ambamo Mama alikufa huku wakisubiri meli ya asubuhi ya kumleta hospitali.

Nikamjibu sawa, Baba.

Sitaki. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumatano, 4 Juni

Amemaliza. Vyuma vipya vimeingia. Mbele gari hili halina springi za kuzunguka. Lina vyuma viwili virefu vinavyojipinda, mafundi wanaviita tosheni, na kila kimoja kina bolti yake. Ukiikaza, pua inapanda. Ukiilegeza, inashuka. Nimekulia gereji, mambo haya nayajua kama ninavyojua kusonga ugali.

Baba alikaza, akashusha jeki. Tukalisukuma mbele na nyuma ili likae vizuri, kisha akapima kwa kijiti chake chenye alama, kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi. Kushoto sawa, kulia sawa. Akapiga makofi peke yake. Akasema lilale hivyo usiku mmoja, kesho jioni atampigia Bwana Pius.

Nilipika samaki. Alikula vizuri, akaanza kusimulia ataezekaje upya jiko la kule nyumbani. Nikawa nahesabu miiba.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefanya.

Alipokwenda misa nilitandika gunia, nikaingia kwenye pengo na spana. Kulegeza ni rahisi, uzito wa gari lenyewe unakusaidia. Pua ilishuka taratibu kama ng'ombe anayepiga magoti. Nikanawa kwa sabuni ya unga, nikaenda kazini. Dukani kwetu tunauza dawa, mikono inatakiwa iwe safi.

Jioni nikamkuta amechuchumaa mbele ya gari. Hakushtuka. Akasema vyuma vipya huwa vinajilegeza kidogo mwanzoni, atakaza tena kesho. Simu ya Bwana Pius haikupigwa.

Sikujisikia vibaya. Najua nitalala usingizi mzuri, hilo ndilo linalonitia aibu sasa ninapoandika.

Ijumaa, 6 Juni

Alikaza jana jioni hiyohiyo, hakungoja kesho. Nikalegeza asubuhi.

Najiambia ni kwa ajili ya presha yake. Hapa hospitali ipo, kule kuna maji katikati. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba binti yangu Sofia yuko bweni, baba yake alishaenda zake zamani, na Baba akiondoka nitabaki naongea na redio. Ndiyo hivyo. Mimi ni mchoyo.

Jumamosi, 7 Juni

Leo jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Walipofika kwenye maombi ya kila mtu, Baba alisimama. Sikutegemea. Akasema ndugu zangu, niombeeni akili yangu. Akaeleza kwamba anakaza bolti jioni, na asubuhi anakuta pua iko chini kama hakukaza. Si chuma kinacholegea, alisema, maana bolti haijizungushi. Ni yeye anayedhani amefanya kazi kumbe hajaifanya.

Mama Deo, mwenyekiti wetu, akamwekea mkono begani. Wakamwombea. Mwisho wote wakaitikia Amina.

Na mimi niliitikia. Kwa sauti.

Jumapili, 8 Juni

Sikugusa gari. Nikaona limekaa sawa mchana kutwa. Baba alilizunguka na kijiti mara nyingi, uso wake ukafunguka. Akachukua chaki, akachora mstari mweupe kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma kinachoishika, kila upande, ili awe na uhakika wapi ameiacha. Kisha akasema Jumatano anaweza kusafiri.

Nilikuwa nimeamua kuacha. Kwa nini alisema Jumatano?

Jumatatu, 9 Juni

Hili la leo halina jina.

Nililegeza, nikafuta chaki yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikachora mistari mipya mahali bolti zilipofika. Niliiga hata mkono wake, mstari unaoanza mnene ukaishia mwembamba. Mtu aliyenifundisha kushika spana nikiwa na meno ya utotoni.

Jioni alitoka kule chini akakaa juu ya jabali. Alama yangu ipo, alisema. Kwa hiyo niliiweka huku. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma. Ndani ya geti tupo wawili tu, yeye na mimi. Hakunitazama hata mara moja kwa namna ya kuuliza. Laiti angenitazama.

Jumanne, 10 Juni

Nimemletea vidonge vya kusaidia kumbukumbu. Nimevinunua kwa punguzo la mfanyakazi. Akanishukuru, akasema Mungu akubariki mama. Huniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Akameza mbele yangu.

Waswahili husema ukila na kipofu usimguse mkono. Wangu anaona. Mimi ndiye ninayempofusha huku tunakula pamoja.

Jumatano, 11 Juni

Mzee Kulwa amekuja. Ndiye aliyeshika ile gereji ya Mirongo, walifanya kazi pamoja miaka mingi. Alianza na utani wake wa siku zote, kwamba nyie watu wa visiwani mnajua makasia, magari tuachieni Wasukuma. Baba hakujibu utani. Kulwa akanyamaza. Sijawahi kumwona Kulwa amenyamaza.

Wakaingia kwenye pengo wote wawili. Niliwasikia nikiwa jikoni. Baba alikuwa anaeleza polepole kama mwanafunzi: nilikaza hapa, nakumbuka nilikaza hapa. Na Kulwa anamjibu kwa upole, ndiyo kaka, inawezekana ulipanga kukaza ukasahau, inatutokea sote. Ule upole ulinichoma kuliko tusi.

Kabla Kulwa hajaondoka Baba alimwambia aje alichukue gari, amalizie yeye. Mbele yangu. Kisha akampa na kijiti.

Ijumaa, 13 Juni

Amesema hatakwenda tena Ukerewe. Mtu asiyekumbuka alichofanya jana hawezi kukaa peke yake, atasahau moto jikoni. Atakaa hapa na mimi kama sitachoka naye.

Nimepata nilichotaka.

Alisema maneno hayo huku anamenya chungwa. Alipomaliza aliuliza kama ameshalimenya. Alikuwa amelishika mkononi.

Jumamosi, 14 Juni

Hakwenda misa. Nikamuuliza kama anaumwa. Hapana. Anaogopa barabara kuu.

Jumapili, 15 Juni

Nilimpeleka kanisani mwenyewe. Alinishika mkono tangu getini. Baba yangu, aliyekuwa akivuka barabara hii kila alfajiri bila hata kugeuza shingo. Tulipofika barabarani alisimama, akanitazama usoni, akasubiri nimwambie vuka. Bodaboda zilikuwa mbali sana. Mtoto angevuka. Yeye alisubiri neno langu.

Nilimvusha. Misa sikuisikia.

Tuliporudi nilimkalisha, nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema ni mimi, Baba, nilikuwa nalegeza ukienda misa. Akauliza:

"Hata ile chaki?"

"Hata ile chaki."

Nilingoja kofi. Nililitaka. Badala yake alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemuua. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanashuka. "Basi mimi mzima," alisema. Akarudia kwa Kikerewe, mara nyingi, kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. Akasimama, akaenda uwanjani, akafungua sanduku la spana. Alikaza kushoto, akakaza kulia, akalisukuma gari peke yake. Nilipotaka kusaidia aliinua kiganja bila kugeuka.

Kijiti kiko kwa Kulwa. Alipima kwa jicho.

Jumatatu, 16 Juni

Furaha imeisha, hasira imefika. Nilijua itafika, njia ya mwongo ni fupi. Hajagusa chakula changu tangu jana. Asubuhi alinunua mihogo ya kukaanga kwa jirani, akala amesimama getini, mtaa mzima unaona.

Kisha akaniambia nivae twende Mirongo. Nikaomba ruhusa kazini.

Gereji ilikuwa imejaa. Nikamwamkia Mzee Kulwa, shikamoo, akaitikia marahaba, akatafuta kiti cha kumkalisha Baba kama mgonjwa. Baba alikataa kiti. Akasema binti ana neno. Nikalisema mbele ya mafundi wote, wengine walinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilisema yote, na chaki, na vidonge.

Kulwa akamgeukia Baba: "Kumbe! Na mimi nilishaanza kukuhurumia, wewe Mkerewe!" Wakaangua kicheko, gereji nzima. Baba alicheka kuliko wote. Mimi nikawa nimesimama katikati yao. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenisemesha pia.

Kulwa akamrudishia kijiti.

Njiani Baba alisema jambo moja tu. Kwamba ningemwomba abaki, angebaki. Si kwamba labda. Angebaki.

Jumanne, 17 Juni

Sikuwahi kumwomba. Nimekaa na hilo siku nzima nikihesabu vidonge vya watu. Nilijua kulegeza bolti, nikawa sijui kusema Baba usiende.

Jioni nilimwomba. Nilichelewa, nilijua, lakini nilimwomba. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema sasa hivi hawezi kulala vizuri katika nyumba hii. Alisema kwa upole, hakuwa ananiadhibu. Ingekuwa adhabu ningeibeba.

Alhamisi, 19 Juni

Bwana Pius amechukua gari. Alilizunguka, akasema mzee, sijawahi kuliona limesimama hivi tangu marehemu baba alipokuwa akiliendesha. Akauliza mbona kazi ilichukua muda. Baba akajibu vyuma vipya vinahitaji kujiweka. Mimi nilikuwa nimeshika geti.

Mama Deo naye alipita, akamuuliza hali ya akili. Baba akamwambia sala zenu zimesikika. Hakunitaja. Angenitaja ningepumua.

Leo amekula chakula changu. Kidogo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemsindikiza bandarini. Begi moja na sanduku la spana. Nilimpa dawa za presha za miezi mitatu, nikamweleza tena jinsi ya kumeza ingawa anajua. Alizipokea. Ule mfuko wa vidonge vya kumbukumbu aliniachia juu ya meza ya chakula, sikuuona hadi niliporudi.

Alivuka barabara ya bandarini peke yake, bodaboda zikimpigia honi. Hakugeuza shingo.

Jumapili, 29 Juni

Nimempigia baada ya misa. Yuko salama. Dawa anameza. Jiko bado halijaezekwa, mafundi wa kule wana maneno mengi. Kuna jamaa ana pikapu inayobeba samaki, nayo ilikuwa imelala mbele, amemkazia tosheni juzi ikapanda vizuri.

Halafu akasema, huku anacheka, kwamba siku hizi ana ugonjwa mpya. Akishakaza kitu, asubuhi yake haendi popote mpaka arudi kukiangalia. Amekwenda kwa yule jamaa siku tatu mfululizo na kijiti. Hata mlango wa nyumba, akishaufunga anarudi kuushika. Jamaa wanamtania, wanamwita mlinzi.

Alisubiri nicheke. Nikamuuliza kama kuna mvua. Akasema hakuna, jua tu, upepo kidogo wa ziwani jioni.

Tukaagana. Nimeanika nguo, nimepika wali, nimeupakua wote kwenye sahani moja.