Sindano Kumi za Tiyamike

Jumatatu, 4 Februari 2019

Hospitali ya Mulanje. Mvua. Edina, mke wangu, amelazwa — tumbo limejaa maji. Daktari aliongea akitazama karatasi, si mimi. Nimeelewa.

Hapa mgonjwa hupikiwa na jamaa zake, kwa hiyo nimetandika mkeka banda la wauguzaji, nyuma ya wodi. Moshi, kikohozi, wanawake thelathini, mwanamume mimi peke yangu. Nimepika nsima, ugali wa huku. Mke wangu ameitema.

"Bambo, mzee wangu, hiyo ni nsima au kokoto?" ameuliza jirani yangu wa mkeka, Naphiri. Banda zima limecheka! Mimi, niliyewanyamazisha maaskofu gazetini!

Amenipokonya mwiko.

Jumanne, 5 Februari

Kabla ya kufunua vyungu wana desturi: kila mmoja hutoa shukrani moja. Nilitarajia porojo za mimbarini. Mmoja: asante, wangu amekojoa. Mwingine: asante, wangu amenitambua leo. Zamu yangu ikafika. Nyumbani nina rafu tatu za vitabu vya dini. Sikupata hata neno.

Naphiri akanisemea: asante, mume wa Edina leo hajaunguza chungu.

Edina amekula matonge manne. Kwa mkono wa Naphiri, si wangu.

Alhamisi, 7 Februari

Nimejua! Ndani ya furushi la nguo za Naphiri — kanzu nyeupe, msalaba wa kijani. Waumini wa Kisima! Wanaokataza dawa, wanaozika watoto huku wakiimba! Miaka kumi naandika kwamba wazazi hao ni wauaji, wafungwe.

Kumbe huyu amemtorosha bintiye, Tiyamike, miaka sita, homa ya uti wa mgongo. Amembeba mgongoni kupita mashamba ya chai. Mumewe ameambiwa wako msibani kwa shangazi. Sindano ni kumi, moja kwa siku, amepata sita. Wazee wa Kisima wakijua, watamchukua mtoto kabla hazijaisha.

"Kaka, nakufahamu," amesema, huku akipepeta unga. "Mume wangu husoma makala zako kwa sauti, akimaliza analichana gazeti. Utatuandika?"

Nikaendelea kutafuna. Mdomoni nilikuwa na samaki wake.

Ijumaa, 8 Februari

Mhariri amepiga simu: ukurasa wa tatu uko wazi. Ushahidi ninao, unapumua hatua mbili kutoka hapa. Nimeandika aya moja — kali, safi, ya kweli yote. Nimeitia motoni chini ya chungu cha Naphiri.

Imani yao bado ni upumbavu unaoua. Siondoi nukta.

Edina hajala. Zamu yangu ya shukrani: asante, amenishika kidole. Waliitikia amina kwa pamoja. Nikainama nipulize moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jumamosi, 9 Februari

Saa nne asubuhi. Wamekuja. Wazee watatu wa Kisima, pamoja na mume. Naphiri yuko wodini na mtoto — sindano ya nane. Wamewauliza wanawake. Miiko inazunguka vyunguni, hakuna aliyeinua kichwa. Hata Mama Chisale wa mkeka wa mlangoni, mdomo kama redio, anakoroga tu.

Mzee mmoja amenitambua kwa picha ya gazetini. "Bambo, wewe ni adui yetu. Lakini hujawahi kutuzulia jambo. Niambie wewe: mke wa kijana huyu yupo hapa?"

Nimesema nina mstari wa kumalizia katika daftari hili. Amekubali! Ameketi kwenye gogo, fimbo magotini. Mume hakuketi. Kijana mdogo, ndala zimekatika, matope hadi mapajani. Hasemi kitu ila: nataka kumwona mwanangu.

Mama Chisale amenisukumia sahani. "Kula kwanza, shemeji. Taratibu. Nsima ya moto haina haraka."

Sindano mbili zimebaki. Miaka ishirini nimeomba nipewe neno la kweli. Bwana, leo naomba la uongo.

Mzee anasimama.