Mstari Kwenye Kichwa cha Christabel

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimeangusha mtoto. Haya, nimeandika.

Tecla alikuwa kanisani, kwaya. Mimi nimebaki na Christabel wetu wa miezi mitano, yuko kitandani anapiga miguu. Maziwa yakaanza kufura jikoni — nikakimbia. Nusu lita nikaiokoa! Kisha nikasikia puu. Alilia, nikambembeleza, akanyamaza, hata akacheka. Alama ndogo tu shavuni. Mke wangu aliporudi sikusema kitu. Kiwandani mashine za majani chai zinanguruma siku nzima na siogopi hata moja, lakini Tecla!

Jumatatu, 3 Machi

Christa ametapika mara mbili. Tukampeleka kliniki. Wakauliza: ameanguka? Nikasema la. Mjinga mimi!

Picha ya eksirei ikatoka. Mstari mwembamba upande wa kushoto wa fuvu. Ufa, wakasema. Ndipo nikatoa ukweli, na hakuna aliyeutaka tena. Afisa wa watoto akaitwa. Ameamua mtoto akae kwa nyanya yake, mamake Tecla, kule Soin hadi mambo yaeleweke, na mimi nisiachwe naye peke yangu. Wanadhani nimempiga.

Tecla hakupiga kelele. Alipanga nepi kwenye mkoba, moja moja. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Kericho mjini, kwa Daktari Atuti, yule wa kusoma picha. Mzee mpole, hana haraka. Akasema mifupa ya kichwa imeunganishwa kwa mishono, na wengine huzaliwa na mshono wa ziada. Ufa hunyooka, ncha zake kali. Mshono una meno meno kama zipu. Huu wa Christa una meno kiasi — na upande wa kulia kuna mwingine mfupi!

Nikataka kumkumbatia. Pole pole, Bwana Jairus, akasema. Picha hii haitoshi. Ufa wa mtoto mchanga hupona na kufutika, mshono hubaki. Apigwe picha tena baada ya wiki sita. Watu wamefikishwa kortini kwa mstari kama huu, kwa hivyo yeye haandiki ripoti kwa kubahatisha.

Basi naomba Mungu mstari usifutike. Sala gani hii ya mzazi?

Jumapili, 23 Machi

Soin. Joto! Nimepewa saa mbili, mama mkwe ameketi mlangoni kama askari. Christa amenona. Ana jino! Kwanza alinitazama kama mgeni, roho ikaniuma sana, kisha akanishika pua akavuta.

Tecla akasema kichwa kikubwa hivi ni cha ukoo wangu, lazima kingeshonwa mara mbili. Akacheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nampenda huyu mwanamke, basi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Barabara ya Soin haipitiki. Nimefua nepi ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei. Mama mkwe alikuja na Christa mgongoni. Tecla akaenda kupanga foleni ya faili. Mara fundi wa picha akatokea: "Nani atashika kichwa ya mtoto? Mtu mmoja tu."

Nikatazama sakafu. Kwao kina Tecla, mkwe na mama mkwe hawagusani. Wiki hizi zote amekuwa akimlaza Christa kwenye mkeka, anarudi nyuma, ndipo namchukua. Leo alifungua leso, akanisogelea, akamweka mikononi mwangu. Vidole vyake vikagusa vyangu. Vilikuwa baridi.

"Si baba yake yuko?" akamwambia fundi. Kisha akaniambia mimi: "Enda na yeye, Baba Christa. Shika vizuri."

Nikashika! Nimevaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia miale, Christa anajaribu kuila. Nilimshika kichwa kwa viganja viwili mpaka fundi akaniambia imetosha.

Sasa Daktari Atuti yuko na picha ndani. Christa amenilalia kifuani, naandika kwa mkono mmoja. Mama mkwe ameketi pembeni yangu. Hajaomba nimrudishie mtoto.

Mlango umefunguka. Wanaita jina la mtoto. Mama mkwe ananiambia nisiinuke haraka, nitamwamsha —