Bilauri ya Mzee Haim

Jumapili, 3 Novemba 1968

Vyombo tena. Vyote naviosha mimi, ila bilauri ya Mzee Haim siigusi. Kila Jumapili huja nayo kutoka Hendon, imefungwa kwenye gazeti, apate kunywa chai ya rangi jikoni kwa binti yake mwenyewe, Bi Estha. Kikombe cha Bi Estha hakimgusi mdomo. Jiko lile kwake si halali, kwa sheria za Kiyahudi anazozishika. Naye Bi Estha, mwenye nyumba wetu tangu tulipofika London kutoka Mombasa, humchemshia maji bila kununa. Hapo nampenda.

Leo wamegombana vibaya. Jumamosi Naomi, bintiye Bi Estha, atasoma Torati kwenye sinagogi lao la Mageuzi, madhehebu yaliyolegeza sheria za kale. Msichana, mbele ya watu, wake kwa waume wamekaa pamoja. Mzee kasema hiyo si dini, ni klabu. Bi Estha kamjibu kwamba Torati haikuteremshwa kwa wanaume wa Hendon peke yao. Nilitamani kupiga makofi! Mzee akakunja gazeti lake, akamuuliza binti yake, "Kifua chako kimepona?" Kisha akaenda zake. Ugomvi wa namna hii sijapata kuuona.

Jumatano, 6 Novemba

Naomi anafanya mazoezi chumba cha pili. Lahani nimeshaishika, maana yake siijui.

Bi Estha hali chakula. Anataka kitu kimoja tu, baba yake awepo. Mwenyewe hasemi, lakini kiti cha mbele keshamwekea.

Nimemkasirikia mzee. Mambo haya nayajua. Baba yangu, Ithnasheri, hakukanyaga harusi ya dada yake kwa kuwa bwana harusi alikuwa Bohora, Mshia kama sisi ila wa madhehebu mengine. Wakafa hawajasemezana. Mungu mmoja, kitabu kimoja, na watu hawaingiliani majumbani. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mzee kapiga simu kabla ya jua kuchwa, Sabato haijaingia. Mle sinagogini haingii. Naomi kajifungia bafuni, analia.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Sinagogini nilikaa nyuma karibu na mlango, mgeni na adabu zangu. Naomi alipoitwa kusoma nikachungulia nje. Lo! Mzee Haim yuko getini, kofia inachuruzika maji. Kaja kwa miguu kutoka Hendon, maana siku ya Sabato hapandi basi wala gari.

Nikamkimbilia na mwavuli. Akakataa. Kumbe mwavuli nao Sabato haufunguliwi. Nikamwambia nitamshikia mimi. "Hapana, binti, ahsante." Mkaidi huyu! Nikaufunga, tukalowa sote wawili. Ningefanyaje?

Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Sauti ya Naomi ikatufikia pale pale. Midomo ya mzee ikawa inamfuata neno kwa neno. Mahali fulani mtoto akakwama. Babu naye akakwama, macho kayafumba. Naomi akarudia, akapatia. Mzee akashusha pumzi.

Sala ilipokwisha Bi Estha akatoka na Naomi. Hakumwambia aingie, wala mzee hakuomba radhi. Bi Estha alisimama tu mbele ya baba yake, analia huku anacheka. Naomi akainamisha kichwa. Babu akamwekea mikono yote miwili, akambariki kwa Kiebrania pale kwenye lami. Kisha akarudi Hendon kwa miguu.

Hasira yangu yote imeniisha. Nimewaheshimu watu hawa, wallahi. Hakuna aliyeikana imani yake, na hakuna aliyemtupa mwenziwe. Laiti baba angesimama japo getini.

Jumapili, 10 Novemba

Mzee kaja, na mafua juu. Gazeti, bilauri, chai ya rangi. Kasema bado ni klabu. Kisha kamwambia Naomi kwamba mstari wa tatu aliuharakisha.

Alipotoka, bilauri ilibaki mezani. Nikamwita. Akasema ikae huku huku, amechoka kuibeba.

Bi Estha ameondoa vitu vyote kwenye rafu ya juu. Bilauri iko pale peke yake.