Krismasi Iliyoanguka Kutoka Darini

Jumanne, 19 Desemba 1995

Nimefagia ua. Mkokoteni wa maji umechelewa tena. Joto la kukaushia nguo ndani ya nyumba.

Barua ya Kaka Mwakio imefika. Wanakuja Krismasi: yeye, mkewe Eliza, na Mama. Kutoka Voi hadi Garissa! Miaka sita nafundisha hapa, hakuna hata mmoja aliyekanyaga. Najua kinachomleta. Mwalimu mkuu amenitaka niwe naibu wake, nami nikakosea nikamwandikia Mama. Barua za Mama husomwa na Kaka.

Jumamosi, 23 Desemba

Wamefika na msafara wa mabasi, askari mbele na nyuma. Eliza alishuka amejifunga kitambaa puani.

Hata chai haijachemka, Kaka akatoa fomu ya uhamisho. Ameijaza yote. Jina langu, nambari yangu ya kazi, shule iliyo jirani na kwake. Imebaki sahihi tu. Anasema mwanamke asiye na mume hakai peke yake kwa watu wasio wake. Nikamwambia nitafikiri. Uongo. Nimeshafikiri.

Mchana, wote wamejilaza, kitu kikatembea darini. Kizito. Kinajiburura. Eliza anasema ni jini. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jumapili, 24 Desemba

Mbuzi.

Nilimnunua wa sikukuu, nikataka mume wa Halima, jirani yangu, atuchinjie, ili na wao waweze kula. Kaka akakataa. Krismasi yetu, kisu chetu. Akamfungua mbuzi amwoneshe Mama alivyonona. Mbuzi akaondoka zake, moja kwa moja hadi soko la mifugo alikotoka. Kaka nyuma yake, kisu mkononi, mji mzima ukitazama. Wenye mifugo wakamuuliza mbuzi wake yukoje. Akasema mweupe. Pale wapo mamia, weupe wote. Mzee mmoja akamshauri aite jina lake, huenda akaitika.

Amerudi na kisu tu. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Darini, hatua tena. Eliza akaimba pambio akitazama juu. Kile kitu kikatulia kama kinasikiliza, kisha kikaendelea na safari yake.

Jumatatu, 25 Desemba

Niandike kama ilivyokuwa, maana hakuna atakayeniamini.

Tumetoka kanisani. Nimepika pilau ya kuku wawili, sinia katikati ya meza. Kaka akaanza kuombea chakula. Akaombea safari, akaombea Voi, akaniombea mimi nitolewe kwenye nchi hii ya ukame nirudishwe kwa watu wangu. Nilifumba macho kwa hasira. Alipofika kwenye kunilainisha moyo, dari likapasuka.

Kenge. Mrefu kuliko meza. Alitua juu ya pilau, tumbo chini, akatutazama mmoja mmoja. Eliza alikuwa juu ya kabati. Alipandaje, sijui mpaka sasa. Kaka juu ya kiti. Mama hakuinuka. Alisogeza glasi yake kando. Kenge akamchapa Kaka mkia gotini, sinia likaenda chini, naye akakimbilia nyuma ya kochi. Alikuwa akihema kwa nguvu kama mtu.

Halima alisikia mayowe akaja na ufagio. Akachungulia nyuma ya kochi.

"Bole, mwalimu," akasema, pole yake ya Kisomali. "Hii si jini, hii ni kenge. Nyinyi mmefunga mlango, sasa yeye atoke wapi?"

Tukafungua. Akatoka taratibu, wali umemganda tumboni.

Kaka, bado yuko kitini, akatoa ile fomu mfukoni. "Umeona unavyoishi? Tia sahihi twende."

"Kenge ameniangukia mara moja, Kaka. Wewe umeniangukia tangu juzi."

Nikaichukua, nikaichana vipande vinne. Sijawahi kufurahi hivyo.

Halima akarudi na anjera, zile chapati zao laini za maji, nyama ya ngamia na kibuyu cha maziwa. Kaka na Eliza walikataa, wakaenda kula biskuti chumbani. Mama alikula. Akaongeza.

Jumanne, 26 Desemba

Kaka hasemi nami. Akitaka chumvi anamwambia Eliza, Eliza ananiambia. Nampa. Siombi radhi.

Jumatano, 27 Desemba

Kituo cha basi. Kaka alipanda bila kuniaga. Mama alishakaa dirishani, mkoba mapajani. Nilimpungia mkono nikajikaza nisilie mbele yao.

Dereva akawasha injini. Mama akasimama, akapita katikati ya viti, akashuka. Akamwomba utingo amshushie mzigo wake. Kaka akatoa kichwa nje akamuuliza anafanya nini, msafara unaondoka.

"Mwakio," Mama akasema, "mimi hujanijazia fomu."

Basi likaondoka.

Ijumaa, 29 Desemba

Fundi ameziba dari. Mama amefua gauni zake zote tatu, ameanika. Asubuhi alikaa mkekani na mama yake Halima. Hawana lugha moja. Walikaa hadi jua likawafukuza.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu, kwamba nakubali. Nilimsomea Mama. Akasema isome tena, polepole.

Nikaisoma tena.