Rangi Isiyofunika Vidole vya Mama

Ndugu yangu Shikuku,

Mulembe. Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu mvua zianze? Miwa imeshakatwa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uswidi imeingia mapema, tena haina adabu.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa hasira. Eti kabla ya Krismasi utalipiga saruji jiko la Mama! Tulia. Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie nilichokiona.

Chuoni ninapofundisha kuna mwenzangu, Ingrid, anayechora kwa kompyuta. Hashiki brashi. Anaandika maagizo tu: umbo liwe hivi, picha hii ilivike umbo hilo kama nguo, kisha rangi fulani iipitie. Nikampa ile picha uliyonitumia ya ukuta wa jiko, wenye mawimbi ambayo Mama huyachora kwa vidole kila Desemba anaposiriba kwa udongo. Akaivika kwenye umbo la mviringo. Shikuku, ukuta wa Mama ulizunguka mbele yangu kama chungu!

Akaniachia kiti. Nikaagiza rangi nyeupe, maana unajua kwetu: udongo mweupe ukipita juu ya mwekundu, Krismasi imefika. Ukuta haukubadilika hata chembe.

"Mashine yako kipofu!" nikafoka.

"Si kipofu, Rosa. Wewe unataka kusiriba. Rangi hii haifuniki, ni kama kioo cha rangi mbele ya taa. Nyeupe inapitisha kila kitu."

"Na nyeusi?"

"Jaribu uone."

Nikajaribu. Ukuta ukatoweka, vidole na vyote. Ingrid akacheka mpaka akashika tumbo. Tukaweka buluu: ukuta ukawa kama alfajiri ya mvua, na kila mfereji wa kidole uko palepale. Tukaweka njano, ukawaka kama jua la saa kumi, na vidole havikuondoka. Nimesoma vitabu vingi vya kusifu sanaa, na vingi nimevibishia. Lakini hapa nawavulia kofia wote wawili, Ingrid na Mama.

Sasa saruji yako. Hiyo ndiyo ile nyeusi! Inafunika, basi.

Najua uliandika, "Dada, wewe unakaa kwenye nyumba yenye joto, halafu unataka Mama apige magoti kwa sababu ya picha?" Hapo umenipata, nami sipendi kupatikana. Mgongo ni wake, vumbi ni lake. Sakafu ipige saruji hata leo, wewe fundi uliyesomea chuo cha Sigalagala, na nitakusifu. Lakini ukuta, je, umemuuliza mwenyewe? Katika barua yako yote Mama hasemi hata neno moja.

Muulize. Mwonyeshe picha hizi nilizotia ndani ya bahasha, wala usimshawishi. Akisema saruji, nitafunga mdomo, na unajua hilo kwangu ni kazi nzito kuliko kukata miwa. Akisema udongo, mwambie nakuja Desemba. Nitapiga magoti mimi. Yeye aketi kwenye kigoda anikosoe.

Msalimie wifi, mkeo mvumilivu, na shangazi anayemchotea Mama maji. Mwambieni jogoo wa uani asidhani ataivuka Krismasi hii.

Ni mimi dada yako, ambaye vidole vyake bado havijajifunza mawimbi yale,

Rosa